Asubuhi za Kahonzi

Kahonzi aliamka kabla ya mikono yake. Mwaka wa pili sasa ilikuwa hivyo kila siku. Macho yamefumbuka, masikio yanasikia majirani wa mtaa wa Barani, Malindi, wakivuta maji bombani, miguu iko tayari kushuka kitandani, lakini mikono imejilalia juu ya shuka kama wageni wasiojua saa ya kuaga. Vidole vimevimba na kukunjika nusu, haviendi mbele wala nyuma, na vifundo vya mikono vinawaka kama vimechomekwa makaa.

"Shangazi!"

"Nakuja. Maji hayachemki kwa kuitwa," Nyevu akajibu kutoka uani.

Nyevu alikuwa dada wa baba yake Kahonzi, mjane mwenye kijikopo cha ugoro kiunoni na habari za mtaa mzima mdomoni. Aliingia na karai la maji ya uvuguvugu, akaliweka juu ya kigoda mbele ya kitanda, akatia konzi ya chumvi. Kisha akaketi kando ya mpwa wake na kuanza kufungua vitambaa. Kila mkono ulilala umefungwa banzi, kijibao kilichoanzia kiganjani kikaishia katikati ya mkono, ili kifundo kisijipinde usiku. Nyevu aliyafungua mabanzi taratibu, akaitumbukiza mikono majini mmoja mmoja, kama anayeosha vikombe vya kuazima.

"Leo mbaya?"

"Leo ya kawaida."

"Hiyo ya kawaida ndiyo mbaya."

Kahonzi alikuwa na miaka ishirini na minane, na alikuwa amechoka. Si uchovu wa kulima, ambao mtu akilala unaisha. Huu aliamka nao. Daktari wa hospitali alikwishamwambia wazi: ni baridi yabisi, na si ile ya wazee, bali ile inayokula viungo vya vijana. Mwili wenyewe umejigeukia. Kuna siku itatulia na siku itawaka, lakini kuondoka kabisa, asiahidiwe. Akampa vidonge vyeupe vya kumeza baada ya kula, akamwambia apashe mikono moto asubuhi na kuipumzisha usiku.

Kwa hiyo asubuhi za Kahonzi zilikuwa siri. Ikifika saa nne, jua likishapanda, vidole hulainika akaweza kushika mkasi, na hapo ndipo huenda kibarazani mjini anakoshona nguo. Cherehani chenyewe ni cha mguu, nacho hakikumsumbua. Vifungo ndivyo vilivyomshinda, akawa anamwachia fundi mwenzake. Magauni ya watu yalitoka kibarazani pale na vifungo kumi na viwili kutoka shingoni hadi kiunoni, lakini yeye mwenyewe hakuwa na gauni moja lenye kifungo. Ndoo aliibeba kichwani. Mlango aliusukuma kwa kiwiko. Salamu za mkono alizikwepa kwa kuinamisha kichwa na kutabasamu, na watu wakamsifu kwa adabu.

Aliyemsifu kuliko wote alikuwa Ndirangu.

Ndirangu alikuwa seremala kutoka Nyeri, mwenye karakana karibu na soko. Aliingia kibarazani pale siku moja mwaka wa themanini na nne, suruali imechanika goti. Wiki iliyofuata ikachanika goti la pili. Wiki ya tatu ikachanika mahali ambapo seremala hapigi magoti, na Kahonzi akaiangalia ile mipasuko iliyonyooka, akamwangalia na yeye.

"Msumeno wako una macho," alimwambia. "Unajua pa kukata."

Mapenzi yalianzia hapo. Miaka miwili akawa anamjia, na miaka miwili Kahonzi akamwambia neno moja: usije kabla ya saa nne. Ndirangu alidhani ndiyo desturi ya Pwani, kwamba mwanamke wa heshima haonekani asubuhi. Aliheshimu. Hata wenzake wa bara aliwafundisha.

"Na leo ndiyo leo," Nyevu akasema, akichovya kidole kupima maji. "Yule mamake anapanda basi la jioni."

"Najua."

"Na amesema akipanda bila kupata neno lako, hashuki tena huku. Ndirangu wamwekea msichana wa kwao, Nyakio. Mikono yake, nasikia, yang'oa mgomba."

"Shangazi, najua."

"Nakukumbusha tu. Mimi ni nani?"

Kahonzi akafumba macho. Jumapili iliyopita ikarudi yote, kwa mara ya mia.

Ilikuwa nyumbani kwa baba yake, mzee Dzombo, kijijini Adu. Upande wa Ndirangu walikuja na mbuzi na mablanketi. Mama yake, Jedida, alikuwa mlokole aliyeokoka miaka mingi. Hakutaka hata kunusa tembo la mnazi, lakini alielezwa kwamba bila tembo hakuna ndoa, basi akakubali lipite mbele yake mradi lisimguse. Wakaketi uwanjani. Kisha ikaja ile saa ambayo kila mtu hunyamaza. Binti hupewa kata ya kifuu yenye tembo, aonje, kisha amkabidhi baba yake. Akionja na kumpa baba, amekubali. Akiikataa kata, au akaiacha imwagike, amekataa, na wageni hukusanya mablanketi yao.

Mzee Dzombo, kwa furaha, aliijaza ile kata mpaka ukingoni.

Kahonzi aliipokea. Alionja. Akageuka ampe baba, na hapo kifundo cha mkono wa kulia kikakatika nguvu ghafla, kama kamba iliyooza. Kata ikaruka. Tembo lote likamwagikia mapajani pa Jedida, juu ya gauni lake jeupe la kanisa.

Wazee wakaitazama kata iliyoanguka.

"Kahonzi," baba yake akauliza polepole, "mwanangu, umelikataa?"

Na yeye akamtazama Ndirangu. Ndirangu alikuwa amesimama nusu, macho yanamsihi. Kusema ni mkono, kungekuwa ni kusema yote, mbele ya wazee arobaini wa pande mbili: kwamba bibi arusi wenu hawezi kufungua kifungo. Akainamisha kichwa akanyamaza. Wageni wakakusanya mablanketi.

Siku sita sasa. Mara mbili Ndirangu alikuja kibarazani, na mara mbili Kahonzi akamwambia, "Rudi kwenu na mamako." Mara ya pili alipoondoka, Kahonzi alishona mkono wa shati la mtu ukafunga kabisa, usiingie kitu.

"Mimi nilikwambia tangu mwanzo," Nyevu akasema. "Ficha mpaka uzae mmoja. Akishashika mtoto mkononi, hatatazama mkono wako."

"Nimeficha mpaka nimemwagia mamake pombe. Nifiche vipi tena?"

Nyevu alifungua mdomo kujibu, ndipo sauti ya mwanamume ikapiga hodi mlangoni.

Wakatazamana.

"Mulungu wangu," Nyevu akanong'ona. "Sauti ya saa nne imekuja saa kumi na mbili na nusu."

"Mwambie nimesafiri!"

"Umesafiri wapi na karai?"

"Shangazi, tafadhali! Mwambie lolote!"

Lakini Ndirangu hakungoja kukaribishwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu wamjue. Alisukuma mlango, akasimama katikati ya chumba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hakumtazama Kahonzi. Alitazama nyuma ya mlango. Akatazama nyuma ya pazia la uani. Akainama, mtu mzima, akachungulia mvunguni.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nani?" Nyevu akasema.

"Baya."

"Baya gani? Baya seremala? Yule mwenye kikohozi?"

"Huyo huyo." Sasa alimgeukia Kahonzi. "Mwezi uliopita nilikuona unatoka karakana yake, umeficha kitu ndani ya leso. Nikanyamaza. Mwezi huu nikakuona tena. Nikanyamaza. Miaka miwili wanizuia kuja asubuhi, nikasema ni desturi. Kumbe desturi yenyewe ina mwenyewe! Ungeniambia, Kahonzi. Ungeniambia tu, badala ya kumwagia mama yangu pombe mbele ya watu. Nilitaka nimwone kwa macho yangu, kisha niende zangu."

"Ndirangu, geuka utazame ukuta," Kahonzi akasema.

"Sitageuka."

"Nakuomba."

"Kwa nini hunitazami? Umeshika nini humo majini?"

Akapiga hatua moja, na hapo ndipo alipoiona.

Ilikuwa imelala ndani ya karai, chini ya maji, mikono ile ile aliyoiona mara mia ikisukuma kitambaa chini ya sindano. Lakini hakuwahi kuiona hivi. Vifundo vimeumuka na kung'aa. Vidole vimejikunja kama vinashika kitu kisichokuwapo, na kidole kidogo cha kushoto kimeanza kuinamia upande, kinawakimbia wenzake. Kahonzi alijaribu kuvuta leso aifunike, vidole vikagoma, leso ikaanguka ndani ya maji.

Ndirangu akachuchumaa polepole mbele ya karai.

"Ni nini hii?"

Nyevu ndiye aliyeyanyanyua yale mabanzi mawili kutoka kitandani na kumwekea Ndirangu mapajani.

"Unamtaka Baya? Baya wako huyu hapa," akasema. "Ndiye anayelala naye kila usiku. Wala hakoromi."

Ndirangu akayaokota. Akayageuza. Akapitisha kidole gumba ukingoni, kama anavyofanya seremala kwa kila ubao anaopewa duniani, na uso wake ukabadilika.

"Hii ni mbao ya sanduku la sabuni," akasema.

"Ndirangu..."

"Haikupigwa hata msasa! Tazama hapa, hapa pamekukwaruza ngozi. Na hapa kwenye kiganja ameacha pembe. Nani huacha pembe mahali pa mkono wa mtu?"

"Ndirangu, mimi nakuonyesha maradhi na wewe wasema msasa?"

"Ulikwenda kwa Baya!" Akasimama, mabanzi mkononi. "Nina mbao za mvule pale karakana! Nina mikono yangu hii miwili! Miaka miwili nalala hatua mia tatu kutoka hapa, na wewe ukaumwa, ukatoka, ukanipita, ukaenda kwa Baya!"

Na sasa akageuka akautazama ukuta, bila kuambiwa. Mabega yake yakapanda na kushuka. Nyevu alichomoa kijikopo chake cha ugoro, akakitazama, akakirudisha bila kunusa.

Kahonzi aliyatazama yale mabega, na kila kitu alichokuwa amekishikilia kikamlegea.

"Kaa chini," akasema. "Nitakwambia. Usinikatize."

Akamwambia. Ilivyoanza na kidole kimoja, akadhani ni sindano imemchoma. Ilivyohamia kifundo, ikavuka mkono wa pili. Jinsi mama yake kule Adu alivyoshikilia kwamba karogwa, akapelekwa kuchanjwa, akarudi na mikono ile ile na chale juu. Alivyosema daktari. Jinsi anavyopiga mswaki kwa kushikilia kwa viganja viwili. Jinsi anavyojua, kila asubuhi, kabla hajafumbua macho, kama leo atajivisha mwenyewe au atavishwa kama mtoto.

"Kuna siku nzuri," akasema. "Hizo ndizo ulizopewa wewe. Nilikuchagulia saa nzuri na siku nzuri, zilizobaki nikabaki nazo mwenyewe. Lakini nimechoka, Ndirangu. Kuumwa nimezoea. Kuficha ndiko kumenichosha."

"Kwa nini hukusema pale Adu? Neno moja tu."

"Mbele ya wazee arobaini? Na mamako anachuruzika tembo?"

Mdomo wa Ndirangu ukacheza. Wake Kahonzi pia ukacheza. Karibu wacheke, lakini hawakufika.

"Basi umesema sasa," akasema Ndirangu. "Mimi nakuoa."

"Sitaki."

"Hutaki nini?"

"Kuolewa kwa huruma. Leo umelia ukutani. Mwakani hutalia, utazoea. Mwaka wa tatu nitakuamsha unifungulie mlango wa choo, utaguna. Wa nne utamkumbuka Nyakio. Mimi mwenyewe nimeichoka mikono hii, na ni yangu. Wewe utaivumilia kwa lipi?"

Ndirangu hakuwa mtu wa maneno mazuri. Yale machache aliyokuwa nayo aliyamaliza kwenye suruali.

"Sijui kama sitaguna," akasema mwishowe. "Pengine nitaguna. Mimi hata jogoo akiniamsha naguna. Lakini siku hizi sita, Kahonzi, nimetengeneza kabati lisilo na mlango. Mteja kaja kuniuliza mlango uko wapi. Nisikudanganye kuhusu mwaka wa nne. Najua ya wiki hii tu."

Kahonzi akageuza uso. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Ndirangu alinyoosha mkono, akasita, akamtazama kama anayeomba ruhusa, kisha akayafuta kwa ukingo wa shati lake.

Hapo kikohozi kikasikika nje ya dirisha.

"Huyo mwizi mmempata au hamjampata?" sauti ya mwanamke ikauliza. "Mimi miguu inaniuma."

Nyevu akaruka. Ndirangu akafumba macho.

"Mama, nilikwambia usubiri kwa Mjomba Thuku."

"Nimesubiri mpaka ukatoka. Kisha nikasubiri hapa. Kusubiri popote ni kusubiri tu."

Na Jedida akaingia. Alikuwa mwanamke mrefu wa karibu miaka sitini, kitambaa cheupe kichwani, na amevaa gauni lile lile la Jumapili, lililofuliwa mpaka likapauka. Kahonzi alijaribu kusimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa." Akaketi kitandani bila kuombwa, akashusha pumzi ndefu. Akaitazama mikono. Akaitazama kwa muda mrefu sana, hata Nyevu akakosa la kusema, na hilo halikuwa limetokea tangu afiwe.

"Toa hapa," Jedida akasema.

Kahonzi aliutoa mkono wa kulia majini, unadondoka. Alijikaza. Alishawaona wanawake wa bara wanavyosalimiana, wanavyobana na kutikisa mpaka bega. Lakini Jedida hakubana. Aliweka kiganja chake chini, kilichokakamaa kwa jembe, akauacha ule mkono ulale juu yake, kama mtu aliyepewa kifaranga.

"Una moto," akasema.

"Asubuhi huwa hivyo, mama."

"Ulinimwagia pombe kwa ajili ya hii?"

"Ndiyo, mama."

"Si kwa kunichukia?"

"Sikuchukii. Kata ilijaa mno. Baba aliijaza kwa furaha."

"Mimi nimeokoka miaka ishirini na minne," Jedida akasema, kama anayetoa ushahidi. "Nilirudi na ile harufu kutoka Adu mpaka hapa. Mama mmoja njiani aliniambia, pole dada, acha polepole, hata mume wangu aliacha."

Nyevu alikohoa ndani ya leso yake. Jedida akamtupia jicho, akarudi kwa Kahonzi.

"Sasa nikuulize, na usinipake mafuta. Kwetu mke anabeba kuni. Anakamua ng'ombe. Utakamua ng'ombe na hii?"

"Sitaweza, mama."

"Mama, sisi tutakaa Malindi," Ndirangu akadakia, "ng'ombe atatoka—"

"Nyamaza. Naongea na msichana. Utalima?"

"Kidogo, na si kila siku."

"Ukipata mtoto, utambeba na nini?"

"Na hivi." Kahonzi akaikunja mikono kifuani, uzito juu ya viwiko. "Hivi naweza. Kumfunga nepi sitaweza asubuhi, itabidi mtu anisaidie. Kuanzia saa nne nitaweza mwenyewe. Siku nyingine hata saa nane sitaweza. Na huenda ikazidi, mama. Daktari hakunificha, na mimi sikufichi."

"Kwetu kuna msichana anaitwa Nyakio."

"Nimesikia."

"Ni mzuri. Anafanya kazi."

"Nimesikia hilo pia."

"Na mwanao atajichania suruali kwa ajili yake?" Nyevu akauliza, akitazama dari.

Jedida alikuwa amechoka, ilionekana kwa jinsi alivyojisugua goti. Alitazama birika lililokuwa juu ya jiko la makaa kizingitini mwa mlango wa uani, linafuka mvuke.

"Nimetoka bila chai," akasema.

"Hata mimi nimesahau adabu," Nyevu akasema, akinyanyuka. "Nikumiminie."

"Hapana. Amimine yeye."

Nyevu akasimama pale pale. Ndirangu akageuka ghafla.

"Mama, hiyo si haki. Umeona mwenyewe."

"Nimeona. Amimine yeye."

Hakuna aliyelitaja neno kata, lakini wote wanne waliiona pale katikati ya chumba, imejaa mpaka ukingoni.

"Keti, Ndirangu," Kahonzi akasema.

Akasimama. Jua lilikuwa bado halijavuka kizingiti, na vidole vyake vilijua. Alikwenda kwenye birika. Hakulishika mpini. Alitia mkono mmoja ndani ya mpini mpaka karibu na kiwiko, kitambaa kikiwa katikati, akalinyanyua kwa bega, akaliinamisha kwa kiganja cha pili. Chai ikatoka kidogo kidogo. Ilipofika nusu ya kikombe cha bati, akaacha.

"Nusu tu?" Jedida akauliza.

"Nusu ndiyo inayofika, mama."

Akaweka birika chini. Akazungushia leso kikombe, akakibana kati ya viganja viwili, vidole vikiwa nje havihusiki. Maumivu yakapanda mpaka mabegani. Hatua ya kwanza. Ya pili. Kikombe kikaanza kutetemeka, na Ndirangu, pale alipoketi, akawa anatetemeka nacho. Mbele ya Jedida, Kahonzi akasimama. Akakiinua, akaonja. Kisha akakinyoosha mbele.

Tone moja likaruka ukingoni, likatua juu ya lile gauni jeupe, pale pale kwenye paja.

Jedida akalitazama lile tone. Akalifuta kwa kidole gumba. Kisha akapokea kikombe, akanywa funda moja, akakunja uso.

"Haina sukari."

"Mkebe una kifuniko kigumu, mama," Kahonzi akasema. "Huwa naufungua saa nne."

Jedida akauvuta ule mkono wa kulia wa Kahonzi, akaulaza mapajani pake mwenyewe. Akamtazama mwanawe juu ya kikombe.

"Ndirangu."

"Naam, mama."

"Umeketi hapo ukitazama nini? Fungua mkebe wa sukari. Na kesho ufungue, na kesho kutwa. Kabla ya saa nne, wewe ndiye vidole vyake."

Ndirangu aliinuka haraka mpaka akakipiga teke kigoda, maji ya chumvi yakamwagika sakafuni, hakuna aliyejali. Aliufungua mkebe. Jedida akatia vijiko vitatu, akakoroga, akakipeleka kikombe mdomoni mwa Kahonzi, akikishika yeye mwenyewe, akangoja mpaka akameza.

"Mwambie baba yako tutarudi Jumapili ya wiki ijayo," akasema. "Tutafika saa nne. Na ile kata yake, safari hii, asijaze."